Injini Inatetemeka Baada ya Kujifanyia Sevisi: Rudi Pale Ulipogusa

Jumapili moja mpwa wangu alinipigia simu kutoka Naliendele, sauti imemkauka.

"Shikamoo mjomba. Mjomba, gari inatetemeka kama ina homa. Asubuhi ilikuwa nzima kabisa."

Nikamuuliza asubuhi hiyo ameifanya nini. Akanyamaza kidogo, kisha akataja: amebadilisha plagi zote nne, ametoa eakilina akaipiga upepo, amemwaga oili na kubadili filta. Kazi yote ameifanya chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, kwa spana za kuazima. "Sasa jirani anasema nozeli zimeziba, zitolewe zote zikasafishwe."

Nilimwambia asiguse nozeli, yaani vile vipulizia petroli. Nozeli zilizokuwa zinafanya kazi saa 2 asubuhi haziwezi kuziba zote nne saa 5, gari lenyewe limeegeshwa. Katikati ya saa hizo kuna vitu vitatu vilivyoshikwa, na ugonjwa umo ndani ya hivyo vitatu mpaka uthibitike haumo.

Huo ndio utaratibu ninaoufuata kila gari linapoanza kutetemeka baada ya sevisi ya nyumbani, na ndio ninaowaomba wenzangu wa Mtwara na Lindi waufuate kabla hawajaagiza kifaa. Huku kwetu kosa la kukisia linauma zaidi. Kifaa kikikosekana madukani hapa, kinatoka Kariakoo kwa basi, zaidi ya kilomita 500, na ukikosea umekosea na nauli yake.

Kwanza tuelewane juu ya sailensi, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama na mguu hauko kwenye mafuta. Toyota ndogo nyingi tunazoendesha, IST, Vitz, Probox na wenzake, injini ikishapata moto hukaa kati ya mizunguko 600 na 800 kwa dakika. Asubuhi ikiwa ya baridi hupanda hadi 1,200 au kuzidi, halafu hushuka yenyewe taratibu. Hilo si tatizo, usilitafutie dawa.

Pia fanya kazi hii uwanjani, usiifanye ndani ya banda lililofungwa. Gia iwe P, breki ya mkono juu. Vua lemba, funga mikono ya kanzu au shati, kwa sababu feni ya rejeta huweza kuanza bila taarifa.

Mtetemo wenye mdundo

Sikiliza kwanza, usishike kitu. Injini ambayo silinda yake moja imekufa hutetemeka kwa mpangilio: dug, dug, dug, kama mtu anatwanga kinu upande wa pili wa ukuta. Usukani unatikisika, kioo cha kati kinacheza. Nenda nyuma ushike kipande cha karatasi karibu na mdomo wa ekzosi. Injini nzima huisukuma karatasi kwa nguvu moja. Injini inayomisi huisukuma, huiachia, huisukuma, huiachia. Mara nyingi utasikia na harufu ya petroli mbichi.

Taa ya injini kwenye dashibodi ikiwa inawaka na kuzima, zima gari hapo hapo. Maana yake petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kwenda kuungulia ndani ya masega, kile kichujio cha kusafishia moshi, na masega yakishayeyuka yanaziba njia ya moshi. Usiseme utafika tu hadi Mikindani halafu utaangalia.

Kumtafuta mgonjwa kati ya silinda nne si kazi ngumu. Kwenye injini zenye koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) moja juu ya kila plagi, kama 1NZ ya IST, zima injini, chomoa soketi ya waya ya koili ya kwanza, washa, sikiliza. Mtetemo ukizidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Zima, rudisha, nenda ya pili. Ukifika kwenye koili ambayo ukichomoa soketi yake hakuna kinachobadilika, umempata. Fanya haraka, sekunde chache kila moja, kwa sababu ile ile ya masega. Na chomoa soketi ya waya tu. Usinyanyue koili yenyewe injini ikiwa inaunguruma, umeme wake ni wa maelfu ya volti.

Ukiwa na mashine ya kupima, au fundi jirani anayo, itakupa namba ya kosa. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hadi P0304. P0300 ni kumisi kunakohamahama au kulikoshika silinda zaidi ya moja, na hapo uelekeze mawazo kwenye hewa na petroli badala ya plagi.

Ukishaijua silinda, anza na soketi. Isukume uisikie ikilia "ta". Magari yetu mengi yameingia kutoka Japani yakiwa na umri mkubwa, na plastiki iliyokaa juu ya injini miaka yote hiyo imekuwa kama biskuti. Ile meno ndogo ya kufungia huvunjika unapochomoa, soketi inarudi mahali pake inaonekana imekaa, kumbe imeegemea tu. Injini ikitikisika kidogo, waya unaachia. Ifunge kwa kamba ya plastiki ya kufungia waya ili gari litembee, halafu tafuta soketi nzima ubadilishe.

Soketi ikiwa sawa, hamisha koili. Ya silinda inayomisi ipeleke kwa jirani yake, ya jirani ilete hapa. Ugonjwa ukihama nayo, koili ndiyo mbovu, nunua moja tu. Ugonjwa ukibaki pale pale, hamisha plagi kwa namna hiyo hiyo. Hatua hizi mbili hazina gharama hata ya shilingi, na hata hivyo watu huziruka na kununua koili nne.

Kwa mpwa wangu, nilipomfikia, ugonjwa ulibaki silinda ya pili baada ya kuhamisha koili, ukahamia ya tatu tulipohamisha plagi. Plagi yenyewe ilikuwa mpya, inang'aa. Niliishika kwenye mwanga wa simu nikaizungusha polepole, na hapo kwenye kauri nyeupe, juu kidogo ya sehemu ya kushika spana, palikuwa na kitu kama unywele. Nikaupitishia kidole, haukutoka. Pembeni yake ulishuka mstari mweusi mwembamba mfano wa wino wa kalamu, hadi kwenye chuma. Kauri ilikuwa imepasuka, na umeme ulikuwa unashuka kwenye ule ufa badala ya kwenda kuruka kwenye ncha. Spana ya plagi aliyoazima haikuwa na mpira ndani, akaiingiza kwa mshazari, akakaza, ikagonga kauri. Hakusikia chochote wala hakuona chochote. Mtu mwingine angeapa kwamba plagi ni mpya na haiwezi kuwa ndiyo.

Kwa hiyo plagi mpya nayo ipimwe. Iliyoanguka sakafuni, pengo la ncha yake hujibana, na kwenye plagi nyingi za injini hizi pengo ni milimita 1.1. Ipime kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia pengo, usikadirie kwa jicho, na kama ncha ni ya iridiamu usiilazimishe kwa bisibisi, itavunjika. Tazama pia kama zote nne zinafanana: maandishi, urefu wa nyuzi, rangi ya kauri. Plagi bandia zipo sokoni, na kinachozitambulisha mapema ni maandishi yanayofutika kwa kidole na nyuzi zenye makwaruzo.

Kukaza nako kuna kiasi chake. Kwa 1NZ ni nyutoni-mita 18, ambazo ni chache kuliko mkono wa mtu mwenye hasira. Huna toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza? Ingiza plagi kwa vidole mpaka igote, kisha ongeza nusu zamu kwa plagi mpya yenye washa. Ya zamani inayorudishwa, washa yake imeshabanwa, isogeze kidogo sana tu. Plagi iliyolegea huvuja mgandamizo na hulia "chi-chi-chi". Iliyokazwa kupita kiasi huharibu nyuzi za aluminiamu, na hapo umeingia gharama ya kweli.

Kabla hujarudisha koili, mulika ndani ya kisima cha plagi. Ukikuta oili, raba za kava la tapeti, kifuniko cha juu ya injini, zimechoka. Oili hiyo ilikuwepo kabla yako, ila ulipoitoa koili uliitibua ikapanda kwenye mpira wake. Kausha kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti, futa mpira wa koili, kisha panga kubadili raba. Ukikuta maji, umeosha injini. Kausha kwa upepo, na siku nyingine usipige mpira wa maji juu ya koili.

Wenye Corolla na Carina za zamani zenye distribyuta, kigawa umeme kwa plagi, wana mtego wao: nyaya za plagi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na nyaya mbili zikibadilishana nafasi injini hutetemeka sana na kupiga mlipuko kwenye hewa au ekzosi. Chomoa moja, badili plagi yake, rudisha, ndipo uende nyingine, na hutapotea.

Sailensi inayopanda na kushuka

Hapa hakuna mdundo. Injini inapumua: inapanda hadi 1,100, inashuka hadi 500, inapanda tena, kama mtu aliyekimbia. Wakati mwingine inazima kabisa ukiachia mafuta. Hii kwa kawaida ni hewa ya wizi, ile inayoingia kwenye injini bila kupita kwenye sensa ya hewa. Kompyuta inatoa petroli kulingana na hewa iliyohesabiwa na sensa. Hewa ikipenya njia ya panya, petroli inakuwa pungufu, kompyuta inajaribu kusahihisha, inazidisha, inapunguza. Ukipima utakuta mara nyingi P0171, yaani mchanganyiko una petroli kidogo kuliko hewa.

Kama ulitoa eakilina, angalia mambo haya. Boksi limefungwa klipu zote? Eakilina imekaa kwenye mfereji wake au upande mmoja umepanda? Mpira mnene unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye throto, mlango wa hewa wa injini, umekazwa klipu pande zote mbili? Upinde kwa mkono uangalie mikunjo yake kwa chini, kwa sababu nyufa hujificha humo. Na soketi ya sensa ya hewa umeirudisha? Isiporudishwa, magari mengi huwaka, hukohoa, huzima, na namba ya kosa huwa P0102 au P0100.

Sensa yenyewe ina waya mwembamba sana ndani. Usiuguse kwa kidole, usiufute kwa kitambaa, usiupige upepo wa kompresa. Inasafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, na iachwe ikauke kabla ya kurudishwa.

Kisha ifuate mipira midogo. Hapa nina la kueleza. Mei 2024, nilikuwa nimesafisha throto ya gari langu mwenyewe, na sailensi ikaanza kupanda na kushuka. Niliamini kabisa throto imekufa. Nikaagiza nyingine kutoka Dar es Salaam, na wiki ile ile kimbunga Hidaya kikapita, mvua zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar kule Somanga. Mzigo ukabaki upande wa pili. Katika siku za kusubiri, kwa kukosa la kufanya, nilianza kuupitia kila mpira kwa vidole, mmoja mmoja. Ule unaotoka kwenye valvu ya PCV, unaobeba mvuke wa oili kuurudisha kwenye injini, ulikuwa mzima kwa kuutazama. Nilipoukunja karibu na klipu, ukafunguka kama mdomo. Ufa wenye urefu wa ukucha, chini, mahali ambapo jicho halifiki. Ulikauka kwa joto la miaka, na mimi nilipousogeza kupisha bisibisi nikaumalizia. Kipande cha mpira wa kipenyo kile nilikipata dukani hapa hapa Mtwara. Throto ilipofika haikuwa na kazi.

Tangu siku hiyo kila mpira naukunja, siutazami tu. Ukitaka kuthibitisha bila kukunja, weka maji kwenye chupa ya kupulizia, ya matone madogo, na unyunyizie kidogo kidogo kwenye maungio injini ikiwa inaunguruma. Mahali penye mpenyo, sauti itabadilika kwa sekunde moja mbili maji yanapoziba. Wapo wanaotumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa jaribio hili. Mimi nakataza: injini ni ya moto, na moto wa petroli hausubiri ndoo ya mchanga.

Pedali ya breki ikiwa ngumu kuliko kawaida pamoja na sailensi mbovu, nenda moja kwa moja kwenye mpira unaokwenda kwenye busta ya breki, kifaa kinachoongezea mguu wako nguvu. Usiliendeshe gari hilo kabla hujaurekebisha.

Sailensi ya chini, au gari kuzima ukiweka D au kiyoyozi

Swali la kwanza: ulitoa tamino ya betri, yaani kile kishikio cha waya kwenye nguzo yake? Kompyuta ya gari hujifunza kiasi cha kufungua throto kadiri uchafu unavyoongezeka miaka kwa miaka. Ukikata umeme inasahau. Gari lenye throto chafu, lililokuwa linasimama vizuri jana, leo linakosa pumzi. Ukisafisha throto bila kukata umeme, mambo hugeuka: kompyuta bado inafungua kwa kipimo cha zamani cha uchafu, na sailensi inapanda hadi 1,500.

Dawa ni kuipa muda ijifunze upya. Zima taa, redio na kiyoyozi. Washa gari bila kukanyaga mafuta, liache lipate moto mpaka feni iwake na kuzima. Liache dakika kama kumi zaidi, kisha washa kiyoyozi dakika chache, kisha endesha taratibu ukisimama mara kwa mara. Kwa magari mengi inatosha, na watu wengi wangeepuka gereji kama wangevumilia nusu saa hiyo.

Ikiwa throto yako ni ya umeme, isiyo na kamba ya mafuta, usiisukume bapa lake kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Ina gia ndogo za plastiki. Na kwa sisi wa Shangani na Ufukoni, mitaa ya hapa Mtwara, pekua tamino zenyewe. Upepo wa bahari huacha ukungu mweupe na kijani kwenye risasi na shaba, na tamino iliyorudishwa juu ya ukungu huo inashika nusu. Isugue mpaka chuma king'ae, ikaze isigeuke kwa mkono. Fanya hivyo hivyo kwa pini za soketi ukiziona zimeota kijani.

Oili

Hili ni fupi. Kifuniko cha oili kikisahaulika au kijiti cha kupimia kisipoingia mpaka mwisho, injini nyingi hutetemeka, kwa sababu hewa inapenya kupitia huko hadi PCV. Kagua hivyo viwili kabla ya vyote, ni kazi ya sekunde tano. Kisha pima kiwango. 1NZ hula lita 3.7 pamoja na filta, na galoni yetu ni ya lita 4, hivyo usiimimine yote kwa sababu tu imelipiwa. Ziada ndogo haitikisi injini. Lita nzima ya ziada hutoka povu na kusukumwa kwenye njia ya hewa, na moshi wa bluu utauona.

Kwa gari la VVT-i, lenye mfumo wa kubadili muda wa kufunguka kwa valvu, usiweke oili nzito kuliko iliyoandikwa kwenye kitabu. Mfumo ule unasukumwa na oili yenyewe, na valvu yake ikikwama sailensi inaharibika.

Mtetemo usio wa injini

Ikiwa sauti ya injini ni laini, karatasi kwenye ekzosi inasukumwa sawa sawa, lakini mwili wa gari unatikisika ukiweka D na unatulia ukiweka N, tazama mauntini za injini, zile raba zinazoishikilia. Huenda ulinyanyua gari kwa jeki chini ya sampo, bakuli la oili, injini ikasukumwa juu na raba iliyochoka ikakatika. Mpe mwenzio aweke D akiwa amekanyaga breki barabara, wewe simama pembeni, usisimame mbele, uone injini inaruka kiasi gani.

Na kama siku ile ile uliweka petroli ya dumu barabarani, kwa mfano ukitoka Newala, itaje hiyo nayo kwenye orodha. Maji kwenye petroli hayachagui silinda, injini hukohoa hata ukiwa mwendoni.

Ukishindwa, mpelekee fundi maelezo

Ikiwa umepitia yote na silinda ile ile bado imekufa, koili nzima, plagi nzima, soketi imelia "ta", hapo ndipo pa kupima nozeli na mgandamizo, na kazi hiyo inataka geji na mkono uliozoea. Mwambie fundi kila ulichogusa, hata kile unachoona aibu kukitaja. Andika: nilitoa hiki, nikarudisha hivi, nilianza kusikia mtetemo dakika hii, silinda namba fulani haijibu. Mpeleke na plagi za zamani, usizitupe. Plagi ya zamani iliyokuwa inafanya kazi jana ni kipimo kizuri kuliko mpya yoyote. Ya mpwa wangu tuliiokota kwenye majani ya mkorosho, tukaifuta, tukairudisha silinda ya pili, na sindano ya mizunguko ikasimama kwenye 700.